Vijidudu na Kinga ya Asili ya Mwili: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yaliyomo humu nimeulizwa kwa miaka mingi na majirani wa Mji wa Kale wa Mombasa, na wengine kutoka Likoni na Kisauni, kwa kuwa wanajua kazi yangu ni ya maabara na kwamba kutwa nzima ninainamia hadubini. Nimeona kwamba mengi yana mzizi mmoja. Tumezoea kuihesabu homa, usaha, uvimbe na kamasi kuwa ndio ugonjwa wenyewe, ilhali mara nyingi mambo hayo ni kazi ya mwili unaojitetea, na asiyelijua hilo huishia kununua dawa ya kupigana na mlinzi wake mwenyewe. Maelezo haya si badala ya daktari. Yamekusudiwa kumsaidia msomaji amwelewe daktari anapozungumza naye.

Kijidudu ni nini hasa, na udogo wake ni wa kiasi gani?

Kijidudu ni kiumbe ambacho jicho haliwezi kukiona bila msaada wa hadubini, na ndani ya neno hilo moja tumekusanya viumbe ambao hawana hata undugu wa karibu. Bakteria ni seli moja iliyo kamili, inayokula, kukua na kugawanyika yenyewe. Virusi si seli: ni maagizo ya urithi yaliyofungwa katika ganda la protini, yasiyoweza kufanya lolote mpaka yaingie ndani ya seli ya kiumbe mwingine na kuigeuza kiwanda chake. Kuvu ni ukoo mwingine, ambao hamira ya mahamri na punye za vichwani mwa watoto zote ni za nyumba moja. Kundi la nne ni protozoa, na anayejulikana zaidi Pwani ni Plasmodium falciparum, anayeleta malaria.

Kuhusu udogo, itazame milimita moja, yaani ile nafasi kati ya vistari viwili vya rula ya mwanafunzi. Bakteria wa kawaida wa utumbo, Escherichia coli, ana urefu wa takriban mikromita 2, kwa hiyo 500 wakijipanga kichwa kwa mkia ndipo wanapoijaza nafasi hiyo. Kirusi cha korona kina upana wa karibu mikromita 0.1, na vingehitajika 10,000. Ndiyo sababu hadubini ya kawaida ya maabara huwaonyesha bakteria lakini haivionyeshi virusi, na mtu akikwambia ameona kirusi cha UKIMWI kwa hadubini ya zahanati, tabasamu unyamaze.

Je, vijidudu vyote huleta maradhi?

Hapana, na wengi wao hawana habari na sisi. Hamira huumua unga wa mahamri usiku kucha, bakteria wengine hugandisha maziwa lala, na tembo lililogemwa asubuhi huanza kuchacha kabla ya adhuhuri kwa kazi ya kuvu waliojiingilia wenyewe mtungini. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba mtu mzima hubeba bakteria wapatao trilioni 38, ilhali seli zake mwenyewe ni kama trilioni 30. Walio wengi wamo katika utumbo mpana, ambako hutusaidia kusaga nyuzinyuzi, hutengeneza sehemu ya vitamini K tunayotumia, na kwa kuijaza nafasi huwanyima wageni wabaya mahali pa kukaa.

Kwa nini wali uliolala huweza kumdhuru mtu hata ukipashwa moto?

Escherichia coli akipata joto, maji na chakula vya kutosha huweza kugawanyika kila baada ya dakika 20. Mmoja huwa wawili, wawili huwa wanne, na baada ya saa 7 tu, kama hakuna kinachowazuia, yule mmoja amekwisha kuwa zaidi ya 2,000,000. Joto la Mombasa, pamoja na unyevu wake, huwafaa sana wengi wao.

Wali una tatizo lake la ziada. Bakteria aitwaye Bacillus cereus huishi udongoni, na spora zake, ambazo ni kama mbegu zenye ganda gumu, haziuawi na mchemko wa kawaida wa sufuria. Wali ukiachwa mezani tangu jioni, spora hizo huchipua, na bakteria wanaotokea hutoa sumu ya kutapisha ambayo haiharibiwi na moto wa kupasha chakula. Kwa hiyo anayesema kwamba moto utaua kila kitu amesahau kwamba bakteria amekwisha kuacha sumu yake sahanini. Wali wa jana upozwe upesi na uwekwe kwenye friji. Ule uliokesha mezani, hata uwe wa nazi na umesalia sufuria nzima, hauna wa kuutetea.

Kinga ya asili ni nini, na inatofautiana vipi na ile ya chanjo?

Mwili una kinga za aina mbili zinazoshirikiana. Kinga ya asili ndiyo tunayozaliwa nayo ikiwa tayari kwa kazi: huanza kufanya kazi ndani ya dakika chache au saa chache, na humshambulia kila mgeni kwa namna zilezile. Kinga ya kujifunza, ambayo chanjo huifundisha, humtambua adui mmoja mmoja kwa sura yake na humkumbuka kwa miaka, lakini kwa adui mpya huhitaji siku kadhaa, mara nyingi wiki nzima au zaidi, kabla haijawa na nguvu. Katika wiki hiyo aliyeshika lango ni kinga ya asili peke yake.

Ni kinga ya kale mno, na ilivyogunduliwa ni jambo linalonipendeza kwa sababu lina harufu ya pwani. Mwaka 1882, mtaalamu wa viumbe Élie Metchnikoff alikuwa Messina, mji wa bandari wa Sicilia, akichunguza vichanga vya kiti cha pweza, yule yule mwenye mikono mitano ambaye watoto wetu humwokota maji yanapokupwa. Vichanga hivyo ni angavu kama kioo. Metchnikoff alichoma vijiiba ndani yake, na kesho yake akaona seli zenye kutembea zimevizunguka vile vijiiba kwa wingi, zikijaribu kuvimeza. Kiti cha pweza hana kingamwili, yaani zile protini za kinga ya kujifunza zinazomshika adui mmoja mmoja, wala hajui chanjo, ila anazo seli za kumeza adui kama sisi. Kwa kazi hiyo Metchnikoff alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1908, akigawana na Paul Ehrlich.

Vijidudu huzuiwa vipi kabla havijaingia ndani?

Vingi havifiki popote. Ngozi nzima ni ukuta wa seli zilizokufa na kukauka, zinazobanduka kila siku pamoja na vijidudu vilivyozishika, na uso wake una uchachu kidogo usiowapendeza bakteria wengi. Katika njia ya hewa kuna ute unaonasa vumbi na vijidudu, na chini ya ute huo kuna vinyweleo vidogo mno vinavyopiga makasia bila kupumzika, vikiusukuma ute juu mpaka kooni tuumeze au tuuteme. Moshi wa sigara huvilemaza vinyweleo hivi, na kikohozi cha asubuhi cha mvutaji ni jitihada ya kifua kutoa kwa nguvu kile ambacho makasia yalishindwa kukitoa kwa upole.

Machozi, mate na kamasi vina kimeng'enya kiitwacho lisozimu, kinachokata ukuta wa bakteria. Alexander Fleming alikigundua mwaka 1921, miaka 7 kabla ya penisilini, alipodondoshea bakteria wake wa maabara kamasi zake mwenyewe akiwa na mafua.

Tumboni mna asidi kali, na umuhimu wake huonekana wazi katika kipindupindu. Kwa mtu mwenye asidi ya kawaida, lazima ameze mamilioni mengi ya Vibrio cholerae ndipo wachache wavuke salama hadi utumboni, lakini asidi ikipunguzwa, kwa mfano kwa dawa za kiungulia, idadi inayotosha kumwangusha hushuka sana. Shigela, anayeleta kuhara damu, ni mkaidi zaidi: huistahimili asidi, na bakteria 10 hadi 100 wanatosha. Hivyo maji ya kisima cha uani, ambayo babu aliyanywa miaka 60 bila kuumwa, yanaweza kumdhuru mjukuu, hasa kama shimo la choo na kisima vimekaribiana.

Seli za kinga zinamjuaje adui ikiwa hazijawahi kumwona?

Hazimjui kwa jina; zinamjua kwa vazi. Kuta za bakteria zina mafuta na sukari ambazo mwili wa binadamu hauzitengenezi kamwe, mikia yao ya kuogelea ina protini ya aina yake, na virusi vingi vinapozaana hutoa uzi wa RNA wenye nyuzi mbili ndefu, ambao katika seli yenye afya si jambo la kawaida. Kijidudu hakiwezi kuyavua mavazi haya kwa urahisi, kwa kuwa ndiyo yanayokiweka hai. Seli zetu za kinga zina vipokezi vinavyoyatambua, na baadhi yake huitwa vipokezi vya Tolu, ambavyo binadamu ana aina 10.

Kazi ya Tolu katika kinga ilionekana kwanza kwa nzi wa matunda mwaka 1996, katika maabara ya Jules Hoffmann nchini Ufaransa: nzi waliokosa kipokezi hicho waliota kuvu mwili mzima wakafa. Mwaka 1998 Bruce Beutler akaonyesha kwamba kipokezi cha jamii hiyo ndicho kinachowatambulisha panya sumu ya ukuta wa bakteria. Wote wawili walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2011.

Usaha ni nini, na kwa nini jipu huwa jekundu, la moto na lenye kuuma?

Kijana mmoja wa jirani alikwenda kuvua kaa kwenye mikoko ya hori ya Tudor, akakanyaga gamba la chaza. Alisuuza mguu kwa maji ya chumvi akarudi nyumbani. Siku ya tatu unyayo ulikuwa umevimba, na siku ya tano muuguzi alilipasua jipu na kutuletea usaha kidogo kwenye kijiti cha pamba. Niliupaka kwenye kioo, nikaukausha, nikautia rangi kwa njia aliyoibuni Hans Christian Gram mwaka 1884, kisha nikatia tone la mafuta na kutazama.

Kioo kizima kilikuwa kimejaa nutrofili, chembe nyeupe za damu ambazo kiini chake kimekatika vipande vitatu au vinne vilivyoshikana, kama tasbihi iliyokatika ikabaki punje chache. Baina yao mlikuwa na vidoa vya zambarau vilivyoshikana mafungu mafungu mithili ya zabibu, ambavyo ni sura ya Staphylococcus, na vingi vya vidoa hivyo havikuwa baina ya nutrofili bali ndani yake. Vilikuwa vimemezwa. Usaha, basi, si uchafu uliotoka nje. Kwa sehemu kubwa ni maiti za askari waliokufa wakiwa na adui mdomoni.

Mambo huenda hivi. Ngozi inapotoboka, seli ziitwazo makrofaji, ambazo hukaa ndani ya nyama zikingoja, humeza wageni wa kwanza na papo hapo hutoa kemikali za kuomba msaada. Mishipa midogo ya damu hutanuka, ndiyo maana pakawa pekundu na pa moto. Kuta za mishipa hulegea na maji ya damu huvuja, ndiyo maana pakavimba. Kemikali hizohizo huziamsha neva, ndiyo maana pakauma. Dalili hizi nne zilitajwa na Mrumi Celsus takriban miaka 2,000 iliyopita, ila yeye hakuwa na njia ya kujua zinatoka wapi. Nutrofili zinazopita katika damu hushika ukuta wa mshipa, hubingirika juu yake zikipunguza mwendo, kisha hujipenyeza baina ya seli za ukuta na kufuata harufu ya kemikali mpaka penye jeraha.

Zikifika, humeza bakteria na kuwafungia ndani ya kifuko ambamo humwaga vimeng'enya pamoja na kemikali kali za oksijeni, za jamii ya ile dawa ya kutoa madoa tunayofulia nguo nyeupe. Zaidi ya hayo, mwaka 2004 watafiti walionyesha kwamba nutrofili huweza kutoa nje DNA yake yenyewe ikawa wavu wa kunasa bakteria, na mara nyingi hufa kwa kufanya hivyo. Uhai wa nutrofili ni mfupi, kwa kawaida siku moja au chache tu, na uboho wa mtu mzima hutengeneza zipatazo bilioni 100 kwa siku.

Makohozi au kamasi za kijani ni dalili kwamba nahitaji antibayotiki?

Si lazima. Rangi hiyo hutokana na kimeng'enya chenye madini ya chuma kilichomo ndani ya nutrofili, na nutrofili huja hata pale ambapo mwanzilishi ni kirusi cha mafua. Kijani hukwambia kwamba askari wamefika. Hakikwambii wamemfuata nani. Antibayotiki haziui virusi, na mtu anayenunua tembe nne za amoksilini kwenye duka la dawa kwa sababu ya rangi ya kamasi huwa anawaua bakteria wake wazuri wa utumboni na kuwazoesha dawa wale watakaosalia.

Mtoki hutokana na nini, na kwa nini kinenani ilhali kidonda kiko mguuni?

Yule kijana wa chaza alivimba mtoki siku ya nne, na bibi yake alijua kwa kumgusa tu. Mtoki ni tezi ya limfu iliyovimba. Seli fulani zenye matawi, alizozieleza Ralph Steinman mwaka 1973, huchukua vipande vya kijidudu kutoka kidondani na kusafiri navyo katika mishipa ya limfu hadi kwenye tezi iliyo jirani, ambako huvionyesha kwa seli za kinga ya kujifunza. Tezi za mguu ziko kinenani, za mkono ziko kwapani, za koo ziko shingoni. Seli inayokitambua kile kipande huanza kuzaana kwa kasi, na tezi hujaa. Steinman alifariki siku tatu kabla ya kutangazwa kuwa miongoni mwa washindi wa Nobel wa mwaka 2011, pamoja na wale wawili niliowataja hapo juu.

Mtoki unaofuata kidonda hunywea kidonda kinapopona. Tezi inayovimba bila kidonda chochote, ikawa ngumu, ikakaa wiki kadhaa, au ikaandamana na kukonda na kutoka jasho usiku, hiyo si ya kukandwa kwa maji ya moto nyumbani, ipelekwe hospitali.

Homa ni adui au rafiki?

Ni silaha yenye gharama. Makrofaji zikishikana na adui hupeleka ujumbe wa kemikali ubongoni, na ubongo hupandisha kiwango cha joto unachokilenga, kama fundi anayeongeza moto kwa makusudi. Ndiyo maana mgonjwa hutetemeka kwa baridi hali mwili wake unawaka: misuli inatafuta joto la kufikia kiwango kipya. Katika joto hilo vijidudu vingi huzaana polepole zaidi, na seli nyingi za kinga hufanya kazi kwa kasi zaidi. Paracetamol huzuia kutengenezwa kwa kemikali inayopandisha kiwango. Humpumzisha mgonjwa lakini haimgusi aliyeleta homa.

Kwa mkazi wa Pwani kuna mambo mawili ya kuongeza. La kwanza, homa ipimwe malaria kwa damu, isikisiwe kwa uzoefu, kwa kuwa malaria, dengi, chikungunya na homa ya matumbo huweza kuanza kwa sura moja, na palipo na shaka ya dengi haifai kumeza aspirini wala dawa za jamii ya ibuprofeni kwa ajili ya hatari ya kuvuja damu. La pili ni degedege. Mtoto mdogo huweza kushikwa na mtukutiko homa inapomwandama, na wazee wetu wamelieleza jambo hilo kwa njia zao. Sina haja ya kubishana nao kwenye kitanda cha mtoto. Ninachosisitiza ni kwamba mtoto wa huku anayetukutika anaweza kuwa na malaria iliyofika ubongoni au homa ya uti wa mgongo, na kila saa inayopita ina hesabu yake. Kama kuna kisomo, kisomwe garini mkiwa njiani kwenda hospitali.

Mwili hupigana vipi na virusi, kwa mfano vya chikungunya?

Seli iliyoingiliwa na kirusi hutoa protini iitwayo intaferoni, waliyoigundua Alick Isaacs na Jean Lindenmann jijini London mwaka 1957. Intaferoni haimponyi aliyekwisha ingiliwa. Huwaonya majirani, nao hufunga mitambo ambayo kirusi kingeitumia. Wakati huohuo seli za uuaji wa asili hupita zikikagua: seli ambayo imeficha alama zake za kawaida, kama virusi vingi vinavyozilazimisha kufanya, huamriwa ife. Maumivu ya mwili na uchovu wa siku za kwanza za mafua hutokana kwa sehemu kubwa na hizi intaferoni zetu wenyewe.

Chikungunya ni jina la Kimakonde lenye maana ya kujikunja, kwa jinsi wagonjwa wa kusini mwa Tanganyika walivyopindwa na maumivu ya viungo katika mlipuko wa mwaka 1952. Mombasa iliuonja ugonjwa huo vibaya mwishoni mwa 2017 na mwanzoni mwa 2018, na kuna watu mtaani kwetu waliopanda ngazi kwa kushika ukuta kwa miezi kadhaa baadaye. Mbu anayeueneza, Aedes aegypti, huuma mchana na hutaga katika maji safi yaliyotuama. Kwa mji ambao mifereji hukauka siku kadhaa na kila nyumba inaweka mapipa, ni vigumu kumlaumu mwenye pipa. La kumwomba ni kwamba alifunike vizuri, na kila wiki alisugue kuta zake, kwa kuwa mayai hugandamana na ukuta juu kidogo ya maji na huweza kukaa makavu kwa miezi.

Karatasi ya kipimo changu cha damu inasema nutrofili ni chache. Je, kinga yangu imeshuka?

Swali hili huletwa na watu waliokwisha kosa usingizi. Vipimo vya kulinganishia vilivyochapwa pembeni mwa karatasi nyingi vilitokana na damu za watu wa asili ya Ulaya. Waafrika wengi hawana alama ya Duffy, ambayo ni protini ya juu ya chembe, kwenye chembe nyekundu zao, na hali hiyo ya urithi huandamana na nutrofili chache katika damu inayozunguka, bila ya mtu kuwa mwepesi wa kuambukizwa. Tena ina faida yake, kwani Plasmodium vivax, aina mojawapo ya malaria, huitumia alama hiyo kama mlango, na asiyekuwa nayo kwa kawaida hamwingii. Daktari ataangalia historia yako, dawa unazotumia na vipimo vya nyuma kabla ya kusema lolote. Mwenye homa kali na nutrofili zilizoshuka sana ni jambo jingine, na huyo asisubiri.

Ikiwa kinga ina silaha zote hizi, kwa nini vijidudu vingine hushinda?

Kwa sababu navyo vimekuwa vikijifunza kwa muda mrefu. Nimokoki, bakteria wa kichomi, hujivika gamba la sukari lenye utelezi ambalo nutrofili haipati pa kulishika. Bakteria wa kifua kikuu, aliyegunduliwa na Robert Koch mwaka 1882, humezwa na makrofaji kwa hiari, kisha huzuia kile kifuko chenye vimeng'enya kisimfikie, akaishi ndani ya nyumba ya askari. Naye hugawanyika mara moja tu kwa saa 15 hadi 20, ndiyo maana kumwotesha maabara huchukua wiki kadhaa. Vimelea vya malaria hujificha ndani ya chembe nyekundu, na vile vya falciparum hufanya chembe hizo zigande kwenye kuta za mishipa ili zisipite katika wengu, ambako zingechujwa.

Huo wengu ni jambo zito kwa familia za Pwani. Mwaka 1949 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa sehemu mbalimbali za nchi, akaona kwamba urithi wa selimundu ulikuwa mwingi pwani na karibu na Ziwa Victoria, na haba sana nyanda za juu. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba mwenye urithi huo kutoka kwa mzazi mmoja hukingwa na malaria. Lakini mtoto anayeurithi kwa wazazi wote wawili huugua selimundu, na wengu wake huharibika mapema utotoni kwa kuzibwa na chembe zilizopinda. Wengu ndio unaowashughulikia bakteria wenye gamba la utelezi. Kwa hiyo mtoto huyu hupewa penisilini kila siku mpaka angalau umri wa miaka 5, na akipata homa, hata ionekane ndogo, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Nimewaona wazazi wanaoikatiza penisilini kwa sababu mtoto anaonekana mzima. Ni dawa zenyewe zinazomfanya aonekane mzima.

Je, kinga yenyewe inaweza kuzidi kipimo?

Inaweza. Uvimbe unaofaa kwenye unyayo huwa balaa ukitokea mwili mzima kwa pamoja: mishipa yote hutanuka na kuvuja, shinikizo la damu huporomoka, na figo, mapafu na ubongo hukosa damu. Hali hiyo huitwa sepsisi. Mwenye maambukizi akianza kupumua mbiombio, kuchanganyikiwa, kukosa mkojo, au ngozi yake ikawa ya baridi na yenye mabaka, hapo hakuna nafasi ya kungoja asubuhi.

Tangawizi, asali, ndimu na habasoda huongeza kinga?

Vinywaji hivyo vinafariji, na mimi mwenyewe hunywa chai ya tangawizi nikipata mafua. Asali hutuliza kikohozi, ingawa haipewi mtoto aliye chini ya mwaka 1, kwa kuwa huweza kuwa na spora za bakteria wa sumu ya botulinamu. Lakini neno kuongeza kinga hunitia shaka, kwani baada ya kusoma kuhusu sepsisi msomaji atakuwa ameona kwamba kinga nyingi zaidi si lazima iwe bora. Yanayojulikana kusaidia ni ya kawaida mno: chakula cha kutosha chenye protini, usingizi, kuacha sigara, na kwa watoto matone ya vitamini A kila miezi 6 tangu wakiwa na miezi 6 hadi miaka 5.

Kunawa kwa bakuli moja kwenye shughuli kuna ubaya?

Kutumbukiza mikono kwa zamu katika bakuli moja ni kugawana vijidudu. Desturi yetu ya kumwagiwa maji kwa birika, yakadondokea taslani, ilikuwa sahihi tangu hapo, ikikosa sabuni tu.

Kama kinga ya asili ni hodari hivi, chanjo ni za nini?

Mfano ulio bora ni pepopunda. Bakteria wake, Clostridium tetani, hukaa udongoni na kwenye kinyesi cha wanyama kama spora, na huingia kwa kidonda kirefu kisichopata hewa. Yeye mwenyewe si shujaa. Nutrofili zingeweza kummaliza. Lakini sumu yake hupanda kwenye neva, na kiasi kinachotosha kuua ni kidogo mno hata mwili hauwahi kujifunza kuikinga: aliyeugua pepopunda akapona hana kinga, na lazima achanjwe kama mtu mwingine. Watoto nchini Kenya hupata chanjo hiyo, ikiwa imechanganywa na nyingine, wakiwa na wiki 6, 10 na 14, na nguvu yake hupungua kadiri miaka inavyopita.

Yule kijana wa chaza alipoulizwa alichanjwa lini mara ya mwisho, alimtazama bibi yake, na bibi akaitoa kadi ya kliniki ndani ya mfuko wa plastiki aliouhifadhi sandukuni pamoja na hati za nyumba. Sindano ya mwisho alikuwa ameipata akiwa mtoto wa miezi mitatu. Muuguzi alimchoma nyingine palepale begani, akamwandikia tarehe ya kurudi, na bibi akaikunja kadi akairudisha mfukoni.